Tuliagiza Vidonge vya Kichina, Tukauacha Uji Wao

Tangu niliporudi kutoka Guangzhou, nilikoishi miaka minne nikisoma, haupiti mwezi bila ndugu au jirani kuniuliza ni dawa gani ya Kichina inayofaa kwa tumbo linalojaa gesi, kwa kiungulia kinachomwamsha mtu usiku wa manane, au kwa choo kinachofunga siku tatu mfululizo. Anayeuliza hutarajia nimtajie jina la kidonge au la chai iliyofungwa katika kikasha chekundu. Mimi humuuliza anakula saa ngapi, usiku anakula nini, na je, hutafuna au humeza tu. Na mara nyingi nimeona uso wake ukibadilika, kana kwamba nimemnyima haki yake. Naandika makala haya kwa sababu naamini kwamba katika tiba ya jadi ya China, sehemu yenye manufaa zaidi kwa mtu anayesumbuliwa na tumbo ni ile isiyouzwa dukani, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumeipokea tiba hiyo kwa kuanzia mwisho wake.

Kwa Wachina chakula hutangulia dawa. Katika maandishi ya kale yanayoeleza jinsi watumishi wa ufalme wa Zhou walivyopangwa, matabibu wametajwa kwa makundi manne, na la kwanza ni la matabibu wa chakula, likifuatwa na la wanaotibu maradhi ya mwili, la wanaotibu vidonda na la wanaotibu wanyama. Karne nyingi baadaye Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, alitenga sura nzima ya kitabu chake kikubwa kwa ajili ya lishe, na humo akasisitiza kwamba tabibu aanze kwa kujua chanzo cha ugonjwa, kisha autibu kwa chakula, wala asiikimbilie dawa mpaka chakula kishindwe.

Tabibu ninayemheshimu kuliko wote katika jambo hili, hata hivyo, ni Li Dongyuan, aliyeishi kati ya mwaka 1180 na 1251. Mwaka 1232 mji wa Kaifeng, makao makuu ya ufalme wa Jin, ulizingirwa na majeshi ya Wamongolia. Mzingiro ulipolegezwa, watu wakaanza kufa kwa wingi usioelezeka. Li aliandika kwamba mji ule ulikuwa na milango kumi na miwili, na kwamba kila mlango ulitoa maiti kati ya elfu moja na elfu mbili kwa siku, kwa muda uliokaribia miezi mitatu. Matabibu wenzake wengi waliwatibu wagonjwa wale kama watu walioingiwa na baridi kutoka nje, wakawapa dawa za kutoa jasho na za kuharisha, na wagonjwa wakazidi kufa. Li alikataa maelezo hayo. Aliona kwamba watu wa Kaifeng walikuwa wamekaa miezi miwili au mitatu wakila bila mpangilio, wakifanya kazi za sulubu na kushinda katika hofu, hata nguvu ya matumbo yao ikawa imekwisha. Kisha chakula kilipopatikana wakajishindilia kwa pupa, na mwili uliokwisha kuchoka ukashindwa kuubeba mzigo huo. Mwaka 1249 aliyakusanya mawazo hayo katika kitabu chake juu ya wengu na tumbo, kiitwacho Pi Wei Lun, ambacho husomwa na wanafunzi wa tiba hiyo hadi leo.

Wako wanahistoria wanaoshuku kwamba tauni ilikuwa imeingia Kaifeng, na huenda wana haki. Lakini juu ya hatari ya kushiba ghafla baada ya njaa kali, hospitali za leo zinakubaliana na Li: mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula akilishwa kwa wingi mara moja, fosfeti na potasiamu katika damu yake huweza kushuka kwa kasi, na moyo ukasimama. Ndiyo sababu katika wadi zetu za watoto wenye utapiamlo mkali muuguzi huanza na maziwa mepesi maalumu, kidogo kidogo, hata kama mama anasihi mwanawe ashibishwe. Saumu ya Ramadhani haifanani na njaa ya Kaifeng hata kidogo, lakini wazee wetu waliopanga futari ianze kwa tende na uji mwepesi, kisha swala, kisha chakula, walilijali tumbo lililopumzika mchana kutwa kwa namna ambayo Li angeielewa mara moja. Leo katika nyumba nyingi adhana humalizika mkononi kukiwa na soda baridi na sambusa ya tatu.

Hapa sina budi kulisafisha neno moja, kwa kuwa limewapotosha wengi. Tiba ya China husema kwamba kazi ya kukigeuza chakula kuwa nguvu ya mwili, ile waiitayo qi, hufanywa na viungo viwili vinavyosaidiana: wei, ambalo ni tumbo linalopokea, na pi, ambalo wafasiri wa Ulaya walilitafsiri kuwa wengu. Msomaji wetu anayeujua wengu kuwa ni kile kiungo kinachovimba kwa malaria, na ambacho huharibika mapema kwa watoto wenye selimundu, atashangaa kuambiwa kwamba ndicho kinachomeng'enya chakula. Na mshangao wake ni wa haki, kwa sababu wengu wa daktari wa upasuaji huchuja damu na kusaidia kinga ya mwili, na mtu aliyeondolewa wengu baada ya ajali humeng'enya chakula chake kama kawaida. Pi ya Wachina haina mipaka ya nyama. Ni jina la kazi nzima, pamoja na uchovu unaofuata kazi hiyo inapolegea: hamu ya chakula kupotea, tumbo kujaa baada ya matonge machache, choo kuwa laini, miguu kuwa mizito, usingizi kumwelemea mtu mchana. Ukilielewa hivyo, lugha yao huwa na maana. Ukilichukua kwamba ni kiungo, utafika siku moja mbele ya mtu anayekuuzia kidonge cha kusafisha wengu.

Mwaka wangu wa pili kule nilikuwa mgonjwa wa namna hiyo hasa. Nilikula mara moja kwa siku, saa tano usiku, wali wa kukaanga pamoja na soda ya barafu, kisha nikalala. Tabibu niliyemwendea aliutazama ulimi wangu uliokuwa na utando mzito mweupe, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kila mkono, kisha akaniuliza kwa karibu nusu saa juu ya choo, usingizi, jasho na kiu. Aliniandikia mimea michache ya kuchemsha kwa siku saba, na chini ya karatasi, kwa mwandiko mkubwa kuliko wa dawa zenyewe, akaandika nisile kibaridi, kibichi wala chenye mafuta mengi, na nile asubuhi. Mama mwenye nyumba, ambaye wote tulimwita Ayi, yaani mama mdogo, aliisoma karatasi ile na akaichukua sehemu ya chini kuwa ni wajibu wake. Kwa wiki mbili alinipikia uji wa mchele uliochemka kwa moto mdogo kwa muda wa karibu saa mbili, hata punje zikapasuka, ndani yake akiweka vipande vya shanyao, kiazi kirefu kama fimbo ambacho ni cha ukoo mmoja na viazi vikuu vyetu. Tende nyekundu za Kichina, ambazo ni ndugu wa kunazi tunazookota pwani. Na kipande kidogo cha ganda la chenza lililokaushwa kwa miaka kadhaa, ambalo watu wa Xinhui katika jimbo la Guangdong, ulipo mji wa Guangzhou, hulitunza kama mali.

Nilipona. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa mimea, kwa sababu katika majuma hayo nilikuwa nimeacha pia kula usiku wa manane.

Nilichoshangaa zaidi ni kwamba maneno ya Ayi sikuwa na haja ya kufasiriwa. Aliposema tikiti maji ni la baridi na kaa ni wa baridi, ndiyo maana huliwa pamoja na tangawizi, na kwamba nyama ya kondoo ni ya moto, inayofaa majira ya baridi, nilimsikia bibi yangu wa Tanga. Watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, wamezoea kuvigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, elimu iliyotufikia pamoja na tiba ya Waarabu ambayo nayo ilichota kwa Wayunani. Na hadi leo ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya baridi na ukavu, bila kukumbuka kwamba tunazungumza lugha ya matabibu wa kale. Mzazi wetu hukaa arobaini akinyweshwa uji wa pilipili manga. Mzazi wa Guangdong hukaa mwezi mzima ndani, akilishwa mayai na miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa siki tamu na tangawizi nyingi. Hata kadiri ya kula inafanana: wao huusia mtu aache akiwa ameshiba sehemu saba katika kumi, na Waislamu wa pwani wamefundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi.

Kufanana huko hakunifanyi nikubali kila kitu. Sijaona sababu ya kuamini kwamba glasi ya maji baridi huzima moto wowote tumboni mwa mtu mwenye afya, na desturi ya kunywa maji ya moto, ambayo Wachina wengi huiona ya tangu zamani, ilipata nguvu kubwa kutokana na kampeni ya afya ya umma iliyoanzishwa na serikali yao mwaka 1952, kwa sababu nzuri na rahisi kwamba maji yaliyochemshwa hayaleti kipindupindu. Uji mweupe wa mchele, unaosifiwa kwa mgonjwa wa tumbo, hupandisha sukari haraka kwa mwenye kisukari, na sitampa mama yangu bakuli lake bila kufikiri. Na vidonda vya tumbo havitokani na baridi. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, walimtambua bakteria anayeishi ndani ya tumbo, na kazi hiyo iliyoonyesha kwamba ndiye chanzo kikuu cha vidonda iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu tunazozimeza kama karanga.

Shangazi yangu alikuwa na vyanzo hivyo vyote viwili bila kujua. Kabla hajafika hospitali alipelekwa na rafiki yake kwenye kliniki moja iliyojiita ya Kichina, akashikishwa kichuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja akaambiwa ini, figo na wengu wake vimejaa sumu. Hakuna aliyeutazama ulimi wake. Hakuna aliyeushika mshipa wake, wala aliyemuuliza anakula nini. Alitoka na vikasha saba, na fedha aliyolipa ilikuwa ya mavuno ya mihogo ya msimu mzima. Alivimeza miezi miwili huku akiendelea na vidonge vyake vya maumivu ya goti na chakula cha saa nne usiku, mpaka choo kikawa cheusi kama lami. Hospitali walimtibu kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku kumi na nne, wakamkataza vile vya goti, naye akapona. Nilipozikagua karatasi za kliniki ile, niliona bei saba na jumla yake. Juu ya chakula hapakuwa na hata mstari mmoja. Hilo linaniumiza mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya elimu ambayo jina lake lilitumiwa.

Hatari si ya fedha tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokwenda kwenye kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina, ambamo mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye asidi ya aristoloki. Zaidi ya mia moja waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Nawaomba dada zangu wanaonunua chai za kupunguza tumbo mitandaoni wakikumbuke kisa hicho. Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa chini yake husajili watoa huduma na dawa zao. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Anayetumia dawa za shinikizo la damu ajue pia kwamba mzizi wa urukususu (licorice kwa Kiingereza), uliomo katika michanganyiko mingi ya Kichina, huweza kuipandisha presha na kuishusha potasiamu.

Mwezi uliopita shangazi aliniita niende kumwonyesha ule uji wa Ayi. Tulitumia kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe kumi vya maji, kipande cha kiazi kikuu badala ya shanyao, na tangawizi iliyopondwa, si nyingi. Sasa hula chakula cha jioni mara tu baada ya Magharibi. Aliponiuliza kama anaweza kuongeza pilipili manga, kama alivyofanya mama yake, nilimwambia kwanza amuulize daktari aliyemtibu.