Ni kweli niliwageuza wateja elfu 41 kuwa Bibi Chausiku, ila sikulia

Kwa vile yule rafiki yangu wa netiweki ameshaitangaza kwenye magrupu matatu, na kwenye hilo la tatu imefikia kwamba nilikutwa chooni nimejifungia nalia, acha niiseme mwenyewe. Chooni niliingia, ndiyo. Kulia sikulia. Macho yalikuwa mekundu kwa sababu usiku wa kuamkia jana sikulala, na sikulala kwa jambo la maana kabisa ambalo hakuna anayelitaja huko kwenye magrupu: nilikuwa nimeiponya replika.

Tuanzie hapo maana bila hapo hamtauona utamu. Kazini tunatumia MariaDB, programu ya databesi, kwenye seva mbili. Ya kwanza ndiyo kuu, inaandikiwa, ya pili, ndiyo replika, inakopi kila kinachotokea kwa mwenzake, na hiyo ya pili ndiyo inayosomwa na ripoti, na maafisa mikopo, na ile programu ya SMS ya kuwakumbusha watu marejesho. Sasa wiki mbili nzima ile ya pili ilikuwa inachechemea, dakika 40 nyuma, mtu amelipa saa nne mfumo unakuja kumuona saa tano kasoro, afisa mkopo anamgombeza mteja mwenye risiti mkononi. Nimehangaika weee mpaka juzi usiku ndo nikagundua kuna tebo ya kumbukumbu za malipo ambayo fundi aliyeijenga (simtaji, anajijua, ni mimi) hakuiwekea praimari kii, yaani namba ya pekee ya kuutambulisha kila mstari. Replikesheni yetu inatuma mabadiliko mstari kwa mstari, kwa hiyo mstari mmoja ukibadilika kule, replika huku ikikosa kii ya kuutafutia inaipekua tebo nzima toka juu mpaka chini, na mstari wa pili inaanza tena juu. Ni sawa na kumtafuta mtu Kariakoo kwa kubisha kila duka, ukimpata unarudi Mnazi Mmoja unaanza upya kumtafuta mdogo wake.

Nikaweka kii. Alfajiri naangalia Seconds_Behind_Master, zile sekunde ambazo replika iko nyuma, inashuka, 2400, 1100, 300, sifuri. Nikapiga skrinshoti nikatupia stetasi: "Sifuri. Wengine wanaita kazi, sisi tunaita kipaji." Hiyo stetasi wadau muikumbuke. Watu 63 waliiona kabla sijaifuta, na rafiki yangu anayo.

Basi jana saa tisa na dakika 50 mchana nimekaa zangu na chai, kichwa kimevimba kwa sifuri, anakuja dada wa huduma kwa wateja. "Kaka samahani, kuna bibi mmoja wa Mbagala jina lake liliandikwa Chausku, anasema kila akipata meseji yetu anajiona katukanwa. Nimejaribu kurekebisha mwenyewe, nikibonyeza sevu mfumo unaganda." Nikamwambia sekunde mbili tu dada yangu, kaa hapo uone. Nina faili langu la notipadi ninaloandikia amri kabla sijazipeleka, maana mimi ni mtu wa tahadhari (chekeni tu), nikaandika hivi:

UPDATE wateja SET jina = 'Bibi Chausiku';
WHERE id = 20417;

Wanaojua wameshashika kichwa. Wasiojua, huo mstari wa WHERE ndio unaosema ni mteja yupi abadilishwe. Sasa angalieni mwisho wa mstari wa kwanza, kuna nukta mkato. Mkono una mazoea yake, umeona mstari umeisha ukaiweka. Kwa databesi nukta mkato ni kama amina, ukishaisema dua imefungwa, hayo mengine unayoongeza ni maongezi yako binafsi.

Nikakopi. Nikapaste. Andazi mkono wa kushoto, enta mkono wa kulia.

Kubadilisha jina la mtu mmoja huwa ni 0.00, hupepesi jicho jibu limeshakuja. Jana terminali ikanyamaza. Nikatafuna. Bado kimya, kale kakasa kanawaka kanazima. Nikawaza labda netiweki ya huyu mshenzi imeanza mambo yake. Na hapo hapo kuna kitu tumboni kikageuka, kitu cha zamani, kile cha utotoni pale unaposikia mama anakuita kwa majina yako yote matatu. Taya likasimama lenyewe, andazi likiwa nusu limetafunwa nusu halijatafunwa. Halafu:

Query OK, 41317 rows affected (1.87 sec)

Wallahi hiyo namba niliisoma kwa utulivu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtoto wa jirani. Elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na saba. Nikasema mh, nyingi hizo. Chini yake kuna ERROR 1064, databesi inalalamika haielewi nikisema WHERE namaanisha nini. Yaani WHERE yangu imefika imevaa suti imebeba na zawadi, ikakuta watu wanakunja viti.

Andazi likadondoka kwenye kibodi.

"Tayari kaka?"

Nikamwambia, "Tayari." Na ilikuwa tayari kweli.

Nikaandika ROLLBACK, amri ya kutengua. Ikanijibu kwa adabu zote, Query OK, 0 rows affected. Hujaanza na BEGIN, kila amri inakomitiwa papo hapo, yaani inahifadhiwa moja kwa moja, hiyo naifundisha wanafunzi wa fildi kila mwaka na huwa nawagongea meza. Ndipo nikakumbuka replika! Iko nyuma dakika 40! Nikaisimamishe haraka, nichote majina ya zamani, nirudishe, hakuna atakayejua, nimalizie chai. Niliruka kwenye ile seva ya pili kama mtu anayewahi daladala ya mwisho, nikaomba majina kumi ya juu. Likaja la kwanza Bibi Chausiku. La pili Bibi Chausiku. Nikateremka nalo moja moja kwa kidole kwenye skrini mpaka la kumi, sijui nilitegemea nini. Nikacheki Seconds_Behind_Master.

Sifuri. Ile ile ya kwenye stetasi.

Hebu tulieni hapa kidogo na mimi. Wiki mbili zote zile, ningefanya huu upuuzi muda wowote, ningekuwa na dakika 40 za kujificha ndani yake. Nimekesha usiku kucha kuziondoa. Nimeziondoa vizuri. Kosa langu lilisafiri likafika seva ya pili likiwa bado la moto.

Na saa kumi kamili programu ya SMS ikaamka.

Namba za simu zilikuwa salama, niliharibu majina tu. Kwa hiyo wazee, vijana, wachungaji, mafundi gereji, kila mwenye rejesho la kesho yake akapata "Mpendwa Bibi Chausiku, kumbuka kulipa rejesho lako." Zilitoka 3,206 kabla sijaizima. Simu ya kwanza ilikuwa ya baba mmoja anaongea kwa kunong'ona, anaomba tafadhali sana dada, ongea na mke wangu mwambie ni mfumo. Dada akaweka spika. Mama wa watu akauliza swali moja tu, la haki kabisa, "Huo mfumo unaomwita mume wangu mpendwa, nao unakaa wapi?" Ofisi nzima ikanigeukia. Yule wa netiweki tayari ameinamia simu yake anachapa, mimi nadhani anasaidia kumbe ndo anatangaza.

Mlango wa bosi ukafunguka. Nilishasahau kwamba ana akaunti ya majaribio na namba yake halisi. Katoka taratibu, miwani puani, simu kaishika mbali na macho kama wanavyoishika watu wa umri wake, akapita meza ya kwanza, ya pili, akasimama kwangu. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mdogo wangu. Mimi leo ni nani?"

Hapo ndo nikaenda chooni. Nilikwenda kupiga simu, naomba ieleweke, nilimpigia bro mmoja Arusha anayeijua MariaDB kama sala zake. Akacheka dakika nzima kwa vocha yangu, kisha akauliza binilogi, lile daftari ambamo seva inaandika kila badiliko, ipo? Ipo. Mstari mzima unaandikwa, kabla na baada? Ndiyo. Basi tumia mariadb-binlog na --flashback, itakugeuzia yale mabadiliko kinyumenyume, jipya liwe la zamani. Nikafanya, majina yakarudi, nusu saa haijafika, tukatuma SMS ya samahani ambayo bosi alikataza isiwe na jina la mtu yeyote, imekwisha. Najifariji kwamba 2017 injinia wa GitLab, kampuni ya kuhifadhia kodi za programu, alifuta folda ya databesi kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili, wakapoteza data ya masaa kama sita na ukarabati wakauonyesha laivu YouTube. Mimi laivu yangu ilikuwa ni spika ya dada.

Adhabu sasa. Leo kwenye kikao bosi akauliza kama kuna kitu cha kuzuia UPDATE isiyo na WHERE. Kipo, kipo miaka mingi, unakiwashia kwenye klayenti, ile programu tunayoandikia amri. Kinaitwaje? Nikasema safe-updates. Yule wa netiweki, bila kuulizwa, akainua mkono akasema kina na jina lingine. Ni kweli kinalo, mnaweza kwenda kuangalia, ni --i-am-a-dummy. Bosi akaniomba nimtafsirie. Nimesimama mbele ya watu kumi na wanne nikasema, "Mimi ni zuzu." Akasema sawa, ukiwashe kwa jina hilo.

Baada ya kikao nimerudi kwenye logi kuandika ripoti, ndo naona mstari ambao jana sikuusoma. Rows matched: 41318, Changed: 41317. Kuna mteja mmoja ambaye jina halikubadilika kwa sababu tayari lilikuwa hivyo hivyo. Id 20417.

Nikamfuata dada. Akasema, "Eeh, kumbe ile sevu yangu ilikubali. Niliona baadaye nikasahau kukwambia kaka."