"Utazoea" si matibabu

Jumapili soko la Kibuye, Kisumu, likifurika, tazama kina mama wanaojitwika magunia. Utamwona mmoja akibana mapaja kabla ya kupiga chafya, mkojo usimtoke. Wenzake wanajua, hawasemi. Akithubutu kuuliza, anajibiwa: "Ni mambo ya uzazi, utazoea." Jibu hilo limenichosha.

Mkojo unaokutoka ukikohoa, ukicheka au ukiinua mzigo mara nyingi hutokana na misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea, ile inayobeba kibofu na mfuko wa uzazi. Mimba na kuzaa huichosha. Kikohozi sugu na choo kigumu huongezea. Nayo hujengeka kwa mazoezi. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake mwaka 1948, na hadi leo mazoezi hayo hutangulia upasuaji.

Tatizo ni kuambiwa "bana tu" halafu ukaachwa hapo. Lala chali, kunja magoti. Zuia mkojo na ushuzi kwa pamoja (ndiyo, ushuzi, tusioneane haya), uvute ndani na juu. Matako yalegee, pumzi isikatike. Shikilia sekunde chache, kisha achia kabisa. Rudia mara 8, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3. Wengi husukuma chini kana kwamba wanajifungua tena, na hilo linaharibu. Wengine hukatiza mkojo chooni kila siku wakidhani ndilo zoezi, kumbe kibofu chaweza kubaki na mkojo. Ndiyo maana unahitaji mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) akukague, si kuelekezwa na jirani.

Sasa kliniki yetu ya wiki 6 baada ya kujifungua: mtoto anapimwa uzani, anachanjwa, mama anaulizwa habari za kupanga uzazi, kwaheri. Nesi akiongeza "Mama, mkojo unakutoka?" atahitaji mashine gani? Na jibu likiwa ndiyo, amwandikie aende fiziotherapia, idara ambayo wengi wetu tunadhani ni ya waliovunjika miguu pekee.

Ila mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hapo zoezi haliwezi kuziba tundu, wahi hospitali.

Nawe unayejinyima maji katika joto hili la Kisumu ili usilowe, mkojo mzito huwasha kibofu na kukukimbiza chooni zaidi. Kunywa maji yako.