Kaunta ya Baa Nayo Ina Wasomi Wake

Wengi huingia katika kazi ya kuchanganya vinywaji kwa kutafuta kipato cha haraka, nami sioni aibu yoyote katika hilo, kwa sababu ni nadra mtu kuipenda kazi hii kabla hajasimama nyuma ya kaunta. Mimi niliipenda kupitia barafu. Nilipofahamu kwamba barafu hupooza kinywaji na wakati huohuo hukiongezea maji, ambayo yanaweza kufikia takriban robo ya ujazo wa glasi, nikaacha kuitazama kazi hii kama kumimina tu. Daikiri, kwa mfano, ni ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu 30 na shira 20. Ukipunguza shira kidogo tu, ukali wa ndimu hufunika kila kitu, na ukitikisa kwa muda mfupi mno, pombe hubaki ikiunguza koo. Kokteli zenye maji ya matunda hutikiswa, ilhali Martini, iliyo na pombe tupu, kwa kawaida hukorogwa taratibu ili isiingie mapovu ya hewa na kupoteza ung'avu wake.

Maarifa haya yana historia. Mwaka 1862 Jerry Thomas alichapisha nchini Marekani mwongozo wa kuchanganya vinywaji, na hivyo akayaweka katika maandishi mambo ambayo wahudumu walikuwa wakifundishana kwa mdomo. Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni Ada Coleman, aliyeongoza kaunta ya hoteli ya Savoy jijini London kuanzia mwaka 1903. Mwigizaji Charles Hawtrey alimwomba kinywaji cha kumchangamsha baada ya uchovu wa kazi, naye akabuni kokteli ya Hanky Panky kwa jini, vermuti tamu (divai iliyotiwa viungo vya mimea) na kiasi kidogo cha Fernet-Branca, pombe chungu ya mitishamba. Ubunifu ule ulitokana na kumsikiliza mteja, jambo ambalo wahudumu wanaorusha chupa hewani kuwaburudisha wateja (mchezo mzuri, sikatai) mara nyingi hulisahau.

Anayetaka kujenga taaluma hapa hana budi kukubali kuanzia kwenye kuosha glasi, kukamua ndimu na kuhesabu chupa. Kwa maoni yangu, hesabu ndiyo inayomtenganisha mhudumu wa kawaida na msimamizi, kwa kuwa anayejua gharama ya kila glasi, pamoja na kinachomwagika na kinachooza, ndiye anayeweza kukabidhiwa kupanga bei, kuagiza mali na hatimaye kuendesha baa yake mwenyewe. Ipo pia hatari ambayo wasimulizi wa mafanikio huipitia juujuu: tunafanya kazi usiku, tumezungukwa na kileo, na wateja hupenda kutununulia. Ndiyo maana mimi huonja kwa tone la ncha ya mrija tu, na ninapomfundisha mgeni wa kazi, kabla ya kokteli yoyote namfundisha namna ya kumnyima pombe mteja aliyekwisha kulewa bila kumvunjia heshima.