Nguo Ina Kwao

Jumapili iliyopita Ba, mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Rajkot, India, alinikuta kibarazani nimejifunga kanga. Akashika pindo, akalisugua kati ya vidole viwili kama anayepima unga, akauliza: "Hii ya wapi, beta?" Nikajibu kifua mbele: ya kwetu, Tanzania. Ba akavaa miwani. Ukingoni kabisa, kwa zile herufi ndogo ambazo sisi hatuzisomi, pameandikwa kwamba imetengenezwa India. Hakucheka, ana adabu zake. Alisema tu, "Ya Jetpur hii," kama vile wewe ungesema viazi hivi vya Lushoto.

Jetpur ni kilomita 70 hivi kutoka hapa. Yaani kanga aliyoninunulia mama Ngamiani ilivuka bahari kuja Tanga, ikakunjwa ndani ya begi langu, ikarudi kwao. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa kabla hamjaanza: kuchapwa India si habari mpya, najua. Kaniki za bibi zetu zilikuja na majahazi kutoka huku huku Gujarat na Kutch. Kinachonikera ni kile kitendo cha Ba. Aligusa, akajua mji. Hapa wanawake wengi wa umri wake wako hivyo. Nguo ina kwao, kama mtu.

Ukitaka bandhani, utaulizwa: ya Jamnagar au ya Bhuj? Ni kitambaa kilichofinywa kwa ncha ya kucha na kufungwa uzi, nukta moja moja, maelfu, ndipo kikatiwa rangi. Fundi hufuga kucha kwa kazi hiyo tu. Dukani unaletewa kikiwa bado kimefungwa, kimekunjamana kama uso wa mzee, na muuzaji anakivuta mbele yako nyuzi zifumuke, uone kwa macho yako kwamba hukuuziwa cha kuchapwa. Mara ya kwanza kuona hivyo nilipiga kigelegele dukani. Wakadhani nimeumwa na kitu.

Halafu kuna patola ya Patan. Hapo ndipo akili yangu hugoma. Nyuzi za hariri, za wima na za mlalo zote mbili, zinafungwa na kutiwa rangi kabla hazijafumwa, kwa hesabu kali kiasi kwamba zikikutana kwenye kitanda cha mfumi, tembo anatokea na mkonga wake. Nguo haina ndani wala nje. Sari moja inaweza kula miezi sita, hata mwaka, na bei yake inapita laki ya rupia (laki ni ile ile yetu, hawa ndugu tumegawana hata hesabu). Ukoo wa Salvi ndio umeshikilia kazi hii. Wenyewe Wagujarati wana msemo kwamba patola huchanika, rangi haitoki. Rajkot nako kuna patola, lakini ya kwao inafungwa nyuzi za mlalo tu, na watu wa Patan watakuhakikishia umeisikia tofauti hiyo kabla hujamaliza chai.

Na hapo sijatoka mkoa mmoja! Kuna Banaras na nyuzi zake za dhahabu, Kanchipuram, Pochampally. Majina hayo yanalindwa na sheria ya mwaka 1999: hufumi Ludhiana ukaandika Kanchipuram. Kutch, baada ya tetemeko la Januari 2001, mafundi wa ajrakh, kitambaa cha kuchapwa kwa mihuri ya mbao, wa kijiji cha Dhamadka waliona maji yao hayafai tena kwa rangi za nili na mizizi. Wengi wakahama, wakajenga kijiji kipya, wakakiita Ajrakhpur. Mji kuitwa kwa jina la kitambaa! Sisi tuna Urafiki, jina la kiwanda cha nguo cha Dar.

Haya, nawasikia. "Shoga, miaka mitatu tu Uhindini ushaanza kutudharau." "Mwambieni arudi afungue kiwanda." Mwingine atanikumbusha pamba ya Simiyu inavyoondoka marobota kwa marobota, kana kwamba mimi nimeisahau. Habari ya viwanda siielezi, mnaijua, kila mmoja ana mjomba aliyefanya kazi kimoja na bado anadai.

Wala sikusema huku ni peponi. Vitambaa vya mashine vinauzwa kwa jina la bandhani mchana kweupe. Watoto wa wafumaji wanataka kazi ya ofisini yenye kiyoyozi, na kwa joto la Mei hapa siwalaumu. Na ufundi huu umefungwa na uzao: wafumaji wa Kutch, Wavankar, ni watu wa tabaka lililotengwa hata kisimani, huku mashali yao yakipelekwa nyumba za wakubwa. Sitaki hayo. Nikipewa nichague, nabaki na Tanga yetu ambapo yeyote hujifunga leso yoyote.

Ila na nyinyi niambieni. Kilwa wamefukua vifaa vya kusokotea pamba vya karne nyingi zilizopita. Wafipa walifuma nguo zao wenyewe. Nitajieni leo mtaa mmoja ambao bibi wa kawaida, si profesa, atashika kitambaa gizani aseme: hiki cha pale. Mkianza kunitajia kitenge, nitazima simu.

Na bado, bado, hawana kanga. Sari ya laki tatu haisemi neno. Ba ana gharchola yake ya harusi, nyekundu, ya miraba, ameitunza kama sisi tunavyotunza kisutu, lakini nayo ni bubu. Hawezi kuivaa akapita mbele ya wifi yake na ujumbe ukafika. Nilipomweleza kwamba kwetu nguo hugombana kwa niaba ya mwenyewe, aliniomba nimsomee ya kwangu.

Nikaisoma: USISAFIRIE NYOTA YA MWEZIO. N moja imeliwa huko huko Jetpur. Nikamtafsiria kwa Kihindi changu cha sokoni, usifunge safari kwa nyota ya mwenzako. Ba akatafakari, akanitazama mimi, akatazama begi langu pale mlangoni.

"Na aliyeichapa," akauliza, "alijua kilichoandikwa?"

Nimemwambia mama alete doti mbili nyingine. Moja ya Ba. Akague herufi kwanza.