Uliza kwanza nani ameshika kamba

Mpwa wangu alikuja nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, jioni na barua mbili za udahili wa PhD, moja ya Uingereza, nyingine ya Marekani, zote za vyuo ambavyo hata muuza dagaa wa Kibirizi amevisikia. Dada yangu alikuwa ameshachagua: chuo cha Uingereza, chenye jina kubwa zaidi, maana ndilo atakalolitaja harusini na msibani. Simlaumu.

Mimi nilianza na pesa. Barua ya Uingereza inasema amekubaliwa. Haisemi nani atalipa. Kule udahili na ufadhili mara nyingi ni milango miwili, na wengi wetu hupiga vigelegele tukiwa tumepita mmoja tu. Ya Marekani inamlipia ada na kumpa posho, ila ni miaka 5 au 6, ya mwanzo ikiwa ya madarasa na mitihani. Uingereza ni 3 au 4, unaingia moja kwa moja kwenye utafiti. Uzuri ni kwamba vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha aliyeahidiwa ufadhili kujibu kabla ya Aprili 15. Muda upo.

Ila hayo ni mahesabu tu. Kijana anataka kujua kwa nini dagaa wanapungua. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, na chakula cha samaki hupungua. Swali hilo linataka msimamizi atakayemruhusu mwanafunzi akeshe ziwani na wavuvi usiku usio na mwezi. Nikamuuliza, kati ya maprofesa wawili watakaokusimamia, mmoja kila chuo, nani amewahi kukujibu mwenyewe?

"Wa Marekani, mjomba. Yule mwingine hujibu kupitia katibu wake."

Dada akaguna.

Sisi Kigoma mfano tunao jirani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na mwaka 1966 akapata PhD ya Cambridge bila hata kuwa na shahada ya kwanza. Wengi hukumbuka jina la chuo. Mimi namkumbuka msimamizi wake, Robert Hinde. Goodall aliandika kwamba sokwe mdogo, Fifi, ana wivu. Hinde akamwambia hilo huwezi kulithibitisha. Andika kwamba angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Hoja ikabaki palepale, na wakosoaji wakakosa pa kushika. Ushauri wa namna hiyo hauandikwi kwenye barua ya udahili.

Na Kiswahili hakikukosea kuiita PhD shahada ya uzamivu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Mwenye akili hazami kabla hajamjua aliyeshika kamba huko juu.

Usiku uleule akawaandikia wanafunzi wa maprofesa wote wawili. Kutoka Marekani wameshajibu watatu, mmoja kwa kurasa mbili za malalamiko na sifa zikiwa zimechanganyika. Hiyo ndiyo aliyoisoma mara nyingi zaidi. Dada yangu bado ananisalimia kwa mkato.