Maumivu ya mwili mzima: tiba ya mazungumzo ina uzito gani?

Mtu anaumwa shingo, mgongo, nyonga na magoti kwa miezi. Damu imepimwa, picha zimepigwa, haonekani na kitu. Akielekezwa kwa mwanasaikolojia, anasikia jambo moja tu: naambiwa najisingizia. Hasira hiyo ina haki yake. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden waliwadunga panya kingamwili za wagonjwa wa fibromialjia, yaani ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima, na panya wale wakawa wepesi kuumia wakibonyezwa au wakiguswa na baridi. Panya hajui talaka wala madeni.

Lakini hata kama chanzo kiko mwilini, tiba ya mazungumzo bado ina kazi. Ile inayotumika zaidi, ya kurekebisha fikra na tabia, haimchimbi mtu utoto wake. Inashughulika na mambo kama haya: siku mwili ukiwa mwepesi, mama anafua nguo za wiki nzima na kupiga deki nyumba yote, siku tatu zinazofuata hainuki kitandani. Anafundishwa kugawa kazi, kupumzika kabla hajazidiwa, kutengeneza usingizi.

Inasaidia? Jaribio lililochapishwa 2012, lililofanyika Aberdeen na Macclesfield, Uingereza, kwa watu 442 wenye maumivu ya mwili mzima, lilitoa tiba hiyo kwa simu. Baada ya miezi 6, asilimia 30 ya waliopigiwa walisema wana nafuu kubwa. Waliobaki na huduma ya kawaida, asilimia 8. Inavutia, ila nasita. Hao wa pili hawakuwa na mtu wa kuwapigia na kuwasikiliza, na nafuu ilipimwa kwa kauli ya mgonjwa anayejua kapewa nini. Tena kundi jingine la jaribio hilo, waliopewa mazoezi ya mwili peke yake, walifika asilimia 35. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yenye tafiti 75 za maumivu sugu, yalikuta faida ndogo au ndogo sana.

Ndogo si sifuri, hasa ukizingatia kwamba mwongozo wa Aprili 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawazuia madaktari kuanzisha dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, na hata parasetamo ya kawaida, kwa maumivu ya aina hii. Tiba ya mazungumzo naiunga mkono kwa sharti moja: daktari asiigeuze njia ya kumuondoa mgonjwa mlangoni kwake. Aendelee kumwona, na amwambie mapema kuwa maumivu huenda yakabaki, ila usingizi na kazi za nyumbani zikapata nafuu. Na kwetu, ambako mwanasaikolojia wa maumivu ni wa kutafuta kwa tochi, mazoezi yasisubiri miadi yake.