Jina lililofungiwa kwenye faili: nani anaruhusiwa kushtaki?

Mwaka 2011 mwanamume mmoja wa California alikwenda na mkewe kununua gari. Muuzaji alipoagiza taarifa zake za mikopo, zikaja na onyo: jina lake linafanana na majina yaliyo kwenye orodha ya serikali ya magaidi na walanguzi wa dawa za kulevya. Hakuuziwa. Gari likaandikwa kwa jina la mke. Kampuni iliyotoa taarifa hizo, TransUnion, ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na la ukoo, basi. Msomaji anayeitwa Ali Mohamed anajua hapo pana hatari gani.

Alishtaki kwa niaba ya watu 8,185 waliowekewa onyo kama hilo kwenye faili zao, na juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, ikawapa ushindi. Lakini Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu na si za majimbo, zinaweza kuwasikiliza 1,853 tu kuhusu kosa hilo, yaani wale ambao taarifa zao ziliuzwa kwa wafanyabiashara. Wengine 6,332, ilisema, hawakupata madhara halisi, na bila hayo hawawezi kushtaki huko. Barua ya kashfa iliyobaki kwenye droo, aliandika Jaji Brett Kavanaugh, haimdhuru mtu.

Hoja hiyo ina uzito. Katiba inazipa mahakama hizo kesi za kweli, na kazi ya kusimamia sheria kwa niaba ya umma ni ya Rais. Kila raia akiweza kushtaki kwa sababu tu sheria imevunjwa, jaji atageuka msimamizi wa serikali.

Ila hawa hawakushtaki kwa niaba ya umma. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo inaitaka kampuni iwe makini na faili la kila mtu, na majina yaliyochafuliwa yalikuwa yao wenyewe. Tena taarifa za hao 1,853 ziliuzwa ndani ya miezi 7 tu: zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Je, ingehesabiwa miaka miwili? Droo ya kampuni hii ni duka. Kilichomo kinangoja mnunuzi.

Jaji Clarence Thomas, mhafidhina kindakindaki, aliliona hilo akaungana na majaji watatu waliberali kupinga. Alikumbusha pia kwamba mahakama za majimbo hazibanwi na sharti hilo la madhara halisi. Kwa hiyo anayedai haki aliyopewa na sheria ya shirikisho huenda akalazimika kuitafuta kwa jaji wa jimbo, huku jaji wa shirikisho akiwa amefunga mlango.